Panza Haipimwi kwa Kipimo cha Banda la Nguruwe

Hoja inayotawala siku hizi, kila wataalamu wa mifugo wanapokutana na wataalamu wa mazingira, ni kwamba mnyama mwenye manufaa kwa dunia ni yule anayekula kidogo, anayekua haraka na anayetoa nyama nyingi. Kwa kipimo hicho, nguruwe wa kisasa aliyefungiwa ndani ya banda la saruji anapata alama za juu, na kuku wa nyama anayechinjwa akiwa na wiki 6 yuko naye bega kwa bega. Ng'ombe wa kienyeji aliyefungwa kamba chini ya mnazi, mbuzi anayekula majani ya kando ya njia na kuku anayeparua uani wanawekwa mkiani. Inasemwa wanapoteza chakula, wanapoteza muda na wanachafua hewa. Kisha ushauri unafuata wenyewe: wafugaji wadogo waachane na mifumo yao, wajenge mabanda, wanunue chakula cha viwandani, wafuge wengi mahali padogo, na hapo ndipo ufugaji wao utakuwa endelevu.

Naipinga hoja hiyo, na mahali ninapoipingia ni Kisiwa Panza.

Panza ni shehia ndogo ya Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Ukifika Chokocho unaiona ng'ambo, na huvuki ila kwa chombo. Hakuna nguruwe wa kufugwa Panza na hatakuwepo, maana wenyeji ni Waislamu na mjadala huo kwao haupo. Basi kwa nini nimlete nguruwe? Kwa sababu yeye ndiye mnyama ambaye juu yake kipimo hiki kimenolewa. Mabanda ya Denmark, Uholanzi na China ndiyo yaliyowafundisha wataalamu kuhesabu kilo za chakula kwa kilo za nyama, joto la banda na siku za kunenepesha. Kipimo kikishakamilika kule, kinavuka bahari kupitia kuku wa kisasa, na kikifika visiwani kinaitwa mradi. Sijengi hoja yangu juu ya uharamu. Mfugaji wa nguruwe wa Mbozi au Kyela, huko bara, anayemlisha mnyama wake pumba na machicha ya pombe ili amuuze shule zikifunguliwa, anaonewa na kipimo hicho hicho kinachomwonea mama wa Panza mwenye kuku wachache uani.

Niwape kwanza wenye hoja hiyo haki yao. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo yote ya dunia inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba kilo moja ya protini ya nyama ya ng'ombe inaambatana na karibu kilo 300 za gesi hizo, zikipimwa kwa uzito unaolingana na hewa ya ukaa, ilhali nguruwe na kuku wako chini ya kilo 100. Sina ugomvi na tarakimu hizo. Ng'ombe na mbuzi wanacheua, na katika kucheua wanatoa methani. Nguruwe na kuku hawacheui. Anayetaka kujua mfumo upi unatoa gesi kidogo kwa kila kilo ya nyama amepata jibu lake.

Ugomvi wangu ni na kazi ambayo tarakimu hizo zinatwishwa. Gesi ikishatoka hupanda, ikachanganyika na hewa ya dunia nzima; haijalishi imetoka Panza au Paris, kwa hiyo kuigawa kwa kilo ya nyama kuna maana. Mavi hayapandi. Yanabaki palepale yalipoangukia, au yanateremka na mvua mpaka pwani iliyo karibu. Na pwani haijui kwamba kila kilo ya nyama imezalishwa kwa ustadi. Inachojua ni jumla ya kilichomiminwa ndani yake. Mfugaji anaweza kupunguza uchafu kwa nusu katika kila kilo anayoizalisha, akaongeza uzalishaji mara 10, na karatasi ya tathmini ikampongeza, huku pwani yake ikipokea uchafu mara 5 ya ule wa zamani. Hapo ndipo kipimo kinapodanganya, bila mtu yeyote kusema uongo.

Ushahidi uko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, jimbo lenye zaidi ya nusu ya nguruwe wote wa nchi hiyo. Wafugaji wa kule si wazembe. Ni mafundi wa kazi yao, na kila kiroba cha chakula wanakitolea hesabu. Tangu miaka ya 1970 fukwe zao zimekuwa zikijaa mwani wa kijani kila majira ya joto, kwa sababu naitreti za samadi na mbolea zinateremka na mito hadi kwenye ghuba zenye maji ya kina kifupi. Mwani huo ukirundikana ukaoza, unatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu. Mwaka 2009 farasi alikufa ndani ya matope hayo huko Saint-Michel-en-Grève, na mwenye farasi akazimia. Julai 2011 nguruwe mwitu 36 wakakutwa wamekufa kwenye mlango wa mto Gouessant. Hakuna mstari katika hesabu ya kilo kwa kilo ambao ungeonyesha kwamba vifo hivyo vinakuja. Kwa hesabu hiyo, Bretagne ilikuwa ikifanya vizuri kila mwaka.

Uholanzi ni vivyo hivyo. Nchi hiyo inasifiwa katika kila warsha kwa kuzalisha kingi kwenye ardhi ndogo. Mwezi Mei 2019 mahakama yake ya juu ya masuala ya utawala iliubatilisha mpango uliokuwa ukitumika kutoa vibali licha ya wingi wa naitrojeni, kwa kuwa maeneo ya hifadhi yalikwisha kuzidiwa. Serikali ikajikuta inatenga fedha za umma kuwalipa wafugaji wa nguruwe wafunge mabanda yao. Nchi tajiri, yenye maabara na wakaguzi kila kona, inalipa kuondoa kile ambacho sisi tunashauriwa kukijenga.

Sasa uhamishie jambo hili Panza. Kisiwa kidogo hakina bara la nyuma la kuficha uchafu. Ukienda huku unakuta mikoko, ukienda kule unakuta bahari, na baina yake pana nyumba, visima, minazi na mashamba ya muhogo. Katika visiwa vya namna hii maji matamu ni tabaka jembamba lililokaa juu ya maji ya chumvi, na kinachomwagwa juu ya ardhi hakichukui muda mrefu kufika kisimani. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, pwani za Pemba hujaa wanawake na watoto wanaotafuta chaza, kombe na pweza. Pwani kwao ni shamba na ghala la kitoweo kwa pamoja. Anayepanga kuweka mamia ya wanyama wanaokula chakula cha kununuliwa karibu na pwani kama hiyo inampasa aonyeshe kwanza mavi yatakwenda wapi masika yakifika. Kusema kwamba yatakuwa machache kwa kila kilo ya nyama si kujibu.

Na pwani hizo zina mwenye kuzitegemea mwingine, mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani wa aina ya kottonii, unaolipa zaidi kuliko ule wa spinosamu, umekuwa ukifa katika maeneo mengi kadiri maji ya kina kifupi yanavyozidi joto. Aliyewahi kuingia majini na wakulima hawa amewaona wakisugua kamba kwa mikono, wakiondoa magugu ya bahari yanayojiviringisha kwenye vikonyo vya mwani na kuunyima mwanga. Magugu hayo yanapenda maji yenye rutuba nyingi, kama yale ya Bretagne. Ukitathmini ufugaji bila kumhesabu mama huyu, umeihamisha gharama kutoka daftari la mfugaji ukaiandika mgongoni mwake, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa upande wa nchi kavu, Panza ina jeraha lake. Bahari imeingia mashambani. Mabonde yaliyokuwa yakilimwa mpunga yamepata maji ya chumvi, na wenyeji wamelazimika kupanda mikoko upya pale ilipokuwa imekatwa, ili kuuzuia ukingo usizidi kuliwa. Ardhi iliyoumizwa na chumvi inahitaji samadi na majani yaliyooza ili irudi kushika maji na kuotesha kitu. Samadi inayotakiwa ni ile ya kidogo kidogo, iliyo karibu na shamba, inayobebeka kwa pakacha.

Na hapo ndipo ng'ombe wa kamba, yule aliyewekwa mkiani, anapoanza kuonekana kwa sura yake. Asubuhi kijana anamtoa, anampeleka penye nyasi na kumfunga. Adhuhuri anamhamisha mahali pengine, anamwekea ndoo ya maji. Magharibi anamrudisha karibu na nyumba. Katika siku nzima hiyo ng'ombe amekula nyasi ambazo binadamu hali, majani ya mgomba, maganda ya muhogo, na kamba yake imemzuia asiingie shamba la jirani. Alipolala pana samadi, na samadi ikikauka inachotwa kwenda kwenye muhogo. Hakuna kilichonunuliwa nje ya kisiwa isipokuwa labda kamba yenyewe na dawa ya kupe. Pemba haina mbung'o, kwa hiyo hata ile gharama ya kupigana na ugonjwa wa ndorobo, ulioutesa ufugaji wa Unguja mpaka mbung'o walipotokomezwa huko mwaka 1997, haipo. Anayemwita mnyama huyu mpotezaji aseme anapoteza nini. Nyasi za chini ya minazi hazikuwa zinakwenda kupikwa.

Wataalamu wa FAO wenyewe, katika utafiti uliotoka mwaka 2017, walikadiria kwamba asilimia 86 ya chakula chote cha mifugo duniani ni vitu ambavyo binadamu hawezi kula. Wanaocheua ndio wanaotufanyia kazi hiyo ya kugeuza majani kuwa nyama na maziwa. Nguruwe wa banda na kuku wa kisasa wanategemea mahindi, soya, mashudu na dagaa, vitu ambavyo ama vinalika na watu ama vimelimwa kwenye ardhi ambayo ingelimwa chakula cha watu. Hesabu ya kilo kwa kilo inampa alama mnyama anayekula mahindi kidogo, inamnyima alama anayekula majani mengi, kama kwamba mahindi na majani ni kitu kimoja.

Tufanye hesabu ndogo. Kuku wa nyama anayefikia kilo 2 anakula chakula cha kilo 3.6 hivi. Mradi wa kuku 500, ambao kwa lugha ya miradi ni mradi mdogo kabisa, unahitaji kilo 1,800 kwa kila mzunguko wa wiki 6, yaani viroba 36 vya kilo 50. Viroba hivyo vinatoka bara. Vinapanda meli hadi Mkoani, vinapakiwa garini hadi Chokocho, vinateremshwa kwenye mashua, na mashua ikifika Panza maji yamepwa, vinabebwa kichwani juu ya matope. Kila hatua ina mwenye kulipwa. Kuku wakiuzwa, sehemu kubwa ya fedha inarudi njia ile ile kwenda kununua viroba 36 vingine. Kinachobaki kisiwani ni faida nyembamba na maranda yaliyolowa mavi. Kwa kuku 500 mavi hayo yanaweza kuwa neema kwa mashamba, sikatai. Lakini washauri hawaishii kuku 500. Mradi ukifaulu wanataka 5,000, na hapo neema inageuka.

Ndani ya viroba hivyo mna jambo linaloniuma zaidi. Sehemu ya protini inayomkuza kuku au nguruwe wa banda inatokana na dagaa. Dagaa wale wale wanaovuliwa na watu wetu usiku kwa taa, wakachemshwa na kuanikwa juani, sehemu yao inasagwa kuwa chakula cha mifugo. Mtoto angeweza kumla dagaa huyo mzima mzima kwa muhogo wa nazi, na mifupa yake ikamjenga mifupa. Tunamwondoa kwenye sahani, tunampitisha kwenye kinu, kwenye kiroba, kwenye meli, kwenye tumbo la mnyama anayetumia sehemu yake kubwa kwa kupumua na kusimama, kisha tunamrudishia mtoto kipande kidogo kwa bei kubwa. Hilo linaandikwa kwenye ripoti kuwa ni ufanisi.

Halafu kuna siku ambayo chombo hakiji. Anayeishi kisiwani anaijua siku hiyo. Kusi likichafuka, mashua hazivuki. Meli ikiharibika, bidhaa zinakaa gatini. Unguja iliwahi kukaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, kwa sababu waya mmoja wa chini ya bahari uliacha kufanya kazi. Ng'ombe wa kamba katika miezi hiyo hakujua kuna jambo. Kuku wa kisasa hawana subira hiyo. Ukiwakatia chakula siku chache wanaanza kudonoana na kufa, na vifaranga wasipopata joto hawamalizi usiku. Mfumo wa kisiwani upimwe kwa siku hiyo. Ukipimwa kwa siku ambazo kila kitu kimefika kwa wakati, hakuna mfumo utakaoonekana mbovu.

Watetezi wa mabanda wana jibu moja ambalo nalipa uzito, nalo ni maradhi. Wanasema mnyama wa kuzurura anaokota kila ugonjwa, na wa ndani analindwa. Kuhusu nguruwe wa kuzurura wako sahihi kabisa. Mbulu na Mbozi ni miongoni mwa maeneo ambako minyoo ya tegu ya nguruwe imewapa watu kifafa, kwa sababu nguruwe walioachiwa walikula kinyesi cha binadamu mahali pasipo na vyoo, watu wakapata tegu kwa kula nyama yao isiyoiva, na mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha watu hao yakawaingia watu. Ufugaji wa namna hiyo sitautetea hata kidogo. Lakini tiba yake ni choo, banda la mbao, ukaguzi wa nyama na dawa ya minyoo. Mkulima wa kawaida anaviweza hivyo akisaidiwa. Havihitaji nguruwe elfu.

Na banda kubwa halikuzuia homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya, katika andiko la Montgomery la mwaka 1921, na asili yake ni mzunguko wa ngiri na kupe laini wa huku kwetu. Hauna tiba. Mwaka 2010 ulilipuka Kyela, na mwaka uliofuata ulikuwa umefika Dar es Salaam. Mfugaji mwenye nguruwe watatu alipoteza ada za watoto. Hilo ni pigo kubwa. Mwaka 2018 ulipoingia China, nchi iliyokuwa na karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia, mashamba madogo yaliteketea na makubwa nayo yakateketea. Mwaka mmoja baadaye idadi ya nguruwe nchini humo ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 40. Jibu la wenye mitaji lilikuwa kujenga zaidi kwenda juu: huko Ezhou, jimbo la Hubei, lilijengwa jengo la ghorofa 26 la kufugia nguruwe, likiwa sehemu ya mradi uliokusudiwa kutoa nguruwe milioni 1.2 kwa mwaka. Kila lifti, kila kichujio cha hewa, kila mlinzi wa mlangoni pale ni gharama ya kuwaweka viumbe wengi wanaofanana damu mahali pamoja. Ni sawa na kuhifadhi karafuu ya kijiji kizima ndani ya ghala moja, kisha kutumia mavuno kulipa walinzi wa moto.

Nimefika kwenye hoja ambayo ndiyo nzito kuliko zote, na wengi wanaonipinga wanaanzia hapo. Watu wa Panza wanahitaji kitoweo, na anayesema waachwe walivyo hawajali. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa, hasa katika kisiwa hiki. Mwezi Machi 2024, Panza ilizika watoto 8 na mtu mzima mmoja baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 walilazwa. Novemba 2021 Pemba ilikuwa imeshapoteza watu 7 kwa sababu hiyo hiyo. Nyama ya kasa inapendwa tangu zamani katika pwani hizi, ingawa sheria inakataza kumvua. Na sumu yake, inayodhaniwa kutokana na mwani wenye sumu anaoula, haiondoki kwa kupikwa. Sitasema kwamba familia zile zilikula kwa dhiki, maana sijaingia majumbani mwao, na marehemu hawatumiki kunogesha hoja. Ninachosema ni kwamba baada ya msiba kama ule, swali la kitoweo Panza linastahili jibu la kweli, la kudumu, linaloweza kufanya kazi mwezi ambao hakuna mfadhili.

Jibu hilo lipo, na ni dogo kiasi kwamba wapangaji wa miradi hawalioni. Adui wa kuku wa kienyeji ni ugonjwa wa kideri, ambao bara wanauita mdondo. Ukiingia kijijini unaweza kuua kundi zima ndani ya siku chache, na hiyo ndiyo sababu kuku wa kienyeji anaonekana hana faida: kila familia inapojikusanyia kuku wa kutosha, kideri kinapita na kuwafyeka. Tanzania inatengeneza yenyewe, kupitia Wakala wa Maabara ya Veterinari, chanjo iitwayo I-2. Ni tone moja jichoni mwa kuku, linalorudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo inaweza kuvuka kwa mashua bila kuharibika njiani. Haihitaji saruji, umeme wala mkopo.

Kinachohitajika ni watu kukubaliana siku. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai. Basi lazima nyumba zote za mtaa zichanje asubuhi ile ile, kuku wakiwa bado hawajafunguliwa. Sheha anaweza kuitangaza siku hiyo. Vijana kadhaa wakifundishwa kushika kuku na kudondosha tone wanaimaliza kazi kabla jua halijawa kali. Kuku wasipokufa kwa kideri, mama anayeatamisha mayai 10 anabaki na kuku wa kula, wa kuuza na wa kutagisha, na wote wamekula mchwa, makombo na chicha la nazi. Mayai yanaingia kwa watoto bila kupita kwenye meli. Ukiongeza banda dogo la usiku la kuzuia kicheche, na mbegu bora ya mbuzi, na daktari wa mifugo anayevuka kutoka Chokocho kwa ratiba inayojulikana, umeshafanya zaidi ya mradi wowote wa kuku elfu.

Watasema: hicho hakitoshi kulisha miji. Sawa, na Panza haijaombwa kulisha Dar es Salaam. Watasema pia vijana hawataki kushika kamba ya ng'ombe. Vijana hawataki kazi isiyolipa, na ng'ombe anayekufa kwa kukosa dawa au anayeuzwa kwa bei ya mchuuzi mmoja halipi. Hayo yanarekebishika kwa soko na huduma. Kumwita ng'ombe mwenyewe kosa hakurekebishi kitu. Na suala la methani, kwa wanaolishikilia: kisiwa chenye ng'ombe wachache wanaokula nyasi hakikuleta joto linaloua mwani, wala bahari inayopanda hadi kwenye mpunga. Kukibebesha hesabu hiyo, kisha kukiuzia mfumo wa wale walioleta joto, ni dhuluma, na nalitumia neno hilo kwa uzito wake wote.

Kwa hiyo, anayekuja Panza kutathmini kama ufugaji wa watu hawa ni endelevu aje na maswali ya Panza. Aulize kiroba kinatoka wapi na kinafikaje wakati wa kusi. Apime maji ya kisima kabla ya mradi na baada ya masika mbili. Awaulize wanawake wanaokwenda pwani wanaona nini kwenye kamba za mwani. Aandike nani atalipa wanyama wakifa wote kwa wiki moja, na sahihi ya mlipaji huyo iwepo kwenye karatasi kabla saruji haijamwagwa. Asiyeweza kuyajibu hayo asiruhusiwe kushusha kiroba hata kimoja, na fedha alizokuja nazo zinunue chanjo.